Gitaa la umeme la fundi linasumbua: soma dalili kabla hujashika bisibisi

Gitaa la kiwandani likigoma, unatafuta modeli yake na unakuta mwenzako alishapambana na tatizo hilohilo. Gitaa alilochonga fundi mmoja kwenye karakana yake halina pacha. Matundu ya poti (vidhibiti vya sauti vilivyo chini ya vifundo) aliyatoboa yeye, pikapu, yaani zile sumaku zinazodaka mlio wa nyuzi, pengine kazizungushia waya mwenyewe, shingo kaitoa kwenye kipande cha mkangazi au mninga alichokichagua kwa jicho. Kitabu cha maelekezo ni yeye, na simu yake haipokelewi kila siku.

Malalamiko yanayoletwa kwenye meza yangu ni yaleyale. Mengi huanza na maneno "fundi kanipiga" na kuishia kwenye kebo mbovu, nyuzi zilizochoka au hali ya hewa. Lakini zipo kasoro ambazo ni za fundi kweli: daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini, limekaa pasipo pake, freti, vile vyuma vya kukatiza shingo, imepigwa nje ya mstari, shingo imekosewa pembe. Hizo usizifukie kwa tupa. Ukishaondoa mbao au chuma, fundi atasema, tena kwa haki, kwamba hilo si gitaa alilokukabidhi. Kwanza ijulikane kosa ni la nani, na hilo linajulikana kwa kupima.

Vifaa havizidi vinavyoenea kwenye mfuko wa gitaa: tyuna, rula ya chuma yenye alama za nusu milimita, alenki (ufunguo wa pembe sita) inayoingia kwenye nondo ya shingo, yaani chuma kilichofichwa ndani yake cha kuinyoosha, multimita ya bei ndogo, penseli, na kebo ya pili ambayo una hakika ni nzima. Geji ya unene ukikosa, usihangaike. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na karatasi ya kawaida ya kuchapia ni takriban milimita 0.1. Kwa vitu hivyo viwili utapima karibu kila kitu kilichomo humu.

Na siku unayokabidhiwa gitaa, muulize fundi mambo manne, uyaandike: saizi ya nyuzi alizoziwekea, urefu wa uzi kutoka kizingitini (pale kichwa kinapokutana na shingo) hadi darajani, nondo ya shingo ni ya aina gani na inakazwa kichwani au upande wa mwili, na kama ndani kuna betri. Asiyeuliza siku hiyo huja kuuliza usiku wa shoo.

Halitoi sauti, au sauti inakatikakatika

Anza nje, uingie ndani taratibu. Badilisha kebo. Najua umeshaambiwa, badilisha tu. Halafu chomeka gitaa lingine kwenye amplifaya hiyohiyo. Ukishajua kosa liko ndani ya gitaa, chezesha plagi ya kebo kwenye jeki, yaani tundu lake kwenye gitaa. Ikitoa mikwaruzo au sauti ikirudi ukiisukuma upande mmoja, mhusika ni jeki, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ukimya kwenye magitaa ya mkono. Nati ya jeki hulegea, jeki nzima inazunguka kila unapochomeka, waya wa ndani unasokoteka mpaka unakatika. Kaza nati huku umeishika jeki kwa ndani isizunguke. Kama ulimi wa jeki umelegea na haugusi ncha ya plagi, uinamishe kidogo kwa kidole.

Gitaa lenye pikapu za betri lina ugonjwa wake. Jeki yake huwasha betri kila kebo inapochomekwa, kwa hiyo ukilala kebo ikiwa ndani, betri inaendelea kuliwa mpaka asubuhi. Sauti huanza kupasuka na kunyong'onyea kabla haijazimika. Weka betri mpya ya volti 9 kabla ya kufikiri jambo lingine lolote.

Ikifuatia swichi au poti, utajua kwa kuzigeuza. Mikwaruzo unapozungusha kifundo ni uchafu. Dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, kisha zungusha mara ishirini, na mara nyingi inatosha. Usitumie mafuta ya kulainishia kufuli wala ya kupikia, yanakusanya vumbi na kazi inarudi mbaya kuliko mwanzo.

Bado kimya? Chomeka kebo kwenye gitaa, ncha ya pili iache huru, fungua sauti ya gitaa mpaka mwisho. Weka multimita kwenye omu, waya mmoja kwenye ncha ya plagi, mwingine kwenye mwili wake. Pikapu ya koili moja husoma takriban kiloomu 5 hadi 8, ya koili mbili kuanzia 7 hadi kwenye 16 kutegemea ilivyozungushwa. Punguza sauti hadi sifuri, na mita ishuke karibu na sifuri. Ikisoma sifuri hata sauti ikiwa wazi, kuna waya umegusana na waya wa ethi, mara nyingi palepale kwenye jeki. Ikionyesha njia imekatika, au ikisoma mamia ya kiloomu ya poti peke yake, kwenye pikapu zote, sehemu fulani kati ya swichi na jeki lehemu imeachia. Ikikatika kwenye pikapu moja tu, fuatilia waya wa hiyo mpaka mwanzo wake.

Kuchomelea upya waya ulioachia kwenye jeki ni kazi ya nyumbani kwa mwenye mkono mtulivu. Lakini kama waya uliokatika ni ule mwembamba wa koili yenyewe, weka chini. Ni mwembamba kuliko unywele, na ukiuvuta ukakatikia ndani, pikapu nzima inazungushwa upya. Ikiwa fundi ndiye aliyeizungusha, ni yake hiyo.

Linaunguruma

Umeme wa nyumbani kwetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja inaudaka kama redio inavyodaka stesheni. Muungurumo mdogo kwenye koili moja ni tabia yake, hakuna aliyekosea. Geuka na kiti chako robo duara: ukipungua, chanzo kiko chumbani. Zima taa ya LED, chomoa chaja ya simu, sogea mbali na transfoma ya amplifaya. Kwenye sherehe zinazoendeshwa na jenereta utasikia kelele ambayo hujawahi kuisikia nyumbani, na jua la kesho likitoka gitaa litakuwa zima.

Sasa gusa nyuzi. Muungurumo ukipungua unapogusa, ethi ya daraja inafanya kazi yake. Wengi huniletea gitaa kwa sababu hiyohiyo, "nikiachia nyuzi linapiga kelele," wakidhani ni ubovu. Mwili wako ndio antena, na ukigusa nyuzi unaunganishwa na ethi. Cha kutibu hapo ni uwazi wa ndani: mafundi wadogo wengi hawaweki ngao kwenye mashimo ya pikapu na poti. Utepe wa shaba wenye gundi, ukishikana pande zote na kuunganishwa na ethi kwa waya mmoja, hupunguza kelele kiasi cha kusikika. Karatasi ya alumini ya jikoni nayo inasaidia, ila lehemu haiishiki, itabidi waya ubanwe kwa skrubu. Angalia pia isiguse ulimi wa jeki. Ikigusa, utarudi kwenye dalili ya kwanza, ukimya.

Usipoona badiliko lolote ukigusa nyuzi, waya wa ethi wa daraja umekatika au haukuwekwa. Pima omu kati ya uzi wowote wa chuma na mwili wa plagi: iwe omu chache tu. Kwenye magitaa ya mkono waya huu mara nyingi umebanwa tu chini ya daraja, na rangi au vanishi imeingia katikati yake na chuma. Kwangua rangi pale unapogusa, rudisha. Na muungurumo ukiongezeka unapogusa nyuzi, nyaya mbili za jeki zimebadilishana nafasi. Hilo ni kosa la fundi. Ni dogo, la dakika tano, na halina haja ya ugomvi.

Kuna dalili moja hapa ambayo si ya kutibu kwa majaribio. Ukihisi mtekenyo kwenye midomo unapokaribia maikrofoni huku umeshika nyuzi, achia gitaa, zima umeme ukutani, na usiwashe tena mpaka fundi umeme apime. Nyuzi zako zimeunganishwa na ethi ya amplifaya, maikrofoni na ethi ya mitambo ya sauti. Kama moja ya hizo haina ethi ya kweli, tofauti ya volti inapita kwenye mwili wako. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Kwetu chanzo tunakijua. Plagi ya pini tatu imekatwa pini ya ethi, au plagi ya pini mbili imelazimishwa kwenye soketi kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Usinunue gitaa zuri la milioni kadhaa kisha ukalichomekea kwa kalamu. Na amplifaya ya taa za kioo usiifungue hata ikiwa imechomolewa: kapasita zake hubaki na mamia ya volti muda mrefu baada ya kuzimwa.

Halikai kwenye tyuni

Nyuzi mpya hazijavutwa: zivute juu kwa kidole katikati, mmoja mmoja, tyuni, rudia mpaka zitulie. Mizunguko kwenye mashine, vile vikazio vya nyuzi kichwani, iwe miwili au mitatu inayoshuka, isipandiane. Tyuni kwa kupanda. Ukipita noti, shuka chini yake kisha panda tena. Hayo matatu yakifanyika, sehemu kubwa ya lawama za mashine za bei rahisi hufutika.

Ukisikia "tiki" kizingitini unapokaza uzi, ufa wake, yaani mfereji unaopitisha uzi, umebana. Kizingiti ni kile kipande cha mfupa au plastiki pale kichwa kinapokutana na shingo. Wengine hukiita nati, mimi nimeepuka neno hilo lisichanganyike na nati ya nondo. Legeza uzi, utoe ufani, paka risasi ya penseli ndani ya ufa, urudishe. Kama umeongeza unene wa nyuzi kutoka 9 kwenda 10 au 11, ufa ulichongwa kwa uzi mwembamba na penseli haitatosha. Kupanua ufa kunahitaji tupa za saizi ya uzi. Msumeno wa kukatia bomba, ambao nimeuona ukitumika, unaua kizingiti.

Angalia pia skrubu zinazoshika mashine, na nne zinazoshika shingo kwenye mwili. Kaza kwa mkono, bila drili. Shingo ikiwa inacheza ubavuni ndani ya mfuko wake (shimo la mwilini inamoingia) hata baada ya kukaza, mfuko ulichongwa mpana. Fundi alipime mwenyewe.

Nyuzi zinagonga freti

Hapa ndipo penye maneno mengi, nami nitakaa kidogo. Kwanza piga gitaa likiwa limechomekwa. Mlio wa nyuki unaousikia sikio likiwa karibu na mbao, lakini hausikiki kwenye amplifaya, si ugonjwa. Nyuzi za chini kabisa hugusa kidogo ukipiga kwa nguvu, na mpiga rizimu mwenye mkono mzito atazisikia zaidi ya mpiga solo.

Ukiwa na hakika linagonga kweli, swali ni linagonga wapi.

Likigonga kwenye uzi mtupu pekee na kutulia ukibana freti yoyote, ufa wa kizingiti umechimbwa mno. Bana uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, uangalie juu ya freti ya 1: karatasi moja ipite kwa shida. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya chuma, ufa umezama. Dawa ya muda ni unga wa mfupa kidogo ndani ya ufa na tone la supaglu, ukishakauka unachongwa upya. Dawa ya kudumu ni kizingiti kipya.

Likigonga freti ya 1 hadi ya 5, huenda shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume. Pima: bana uzi mnene freti ya 1 na freti ya mwisho kwa pamoja, tazama pengo kwenye freti ya 7 au ya 8. Karatasi mbili au tatu zipite, yaani milimita 0.2 hadi 0.3. Isipopita hata moja, shingo inahitaji kulegezwa. Kinyume chake, kadi ya benki ikipita pale, shingo imepinda mbele mno. Hapo utaona nyuzi ziko juu katikati na kupiga kunachosha.

Nondo ya shingo ndiyo inayotibu yote mawili. Kwa nondo nyingi, kuzungusha kwa mwelekeo wa saa kunanyoosha shingo, kinyume chake kunairuhusu ipinde mbele. Robo mzunguko, si zaidi. Tyuni tena, subiri, pima tena. Unapokaza, legeza nyuzi kwanza. Baadhi ya nondo husukuma pande zote mbili na zina sehemu katikati ambapo alenki inazunguka bila kufanya kitu. Hapo usiogope, endelea polepole mpaka ishike. Lakini alenki ikigoma, ikitoa mlio wa kukatika, au ikizunguka bila mwisho, acha. Nondo iliyokatika ndani ya shingo ya gitaa la kiwandani ni hasara ya shingo. Kwenye gitaa la fundi ni hasara ya shingo ambayo hakuna duka linaiuza.

Shingo ikiwa sawa na bado nyuzi zote zinagonga, kimo kiko chini. Kwenye freti ya 12 anzia milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa mnene. Kadi mbili za benki zikipandana ni milimita 1.5, kwa hiyo zikipita chini ya uzi wa kwanza bila kuuinua, uko pazuri. Pandisha vitandiko, yaani vile vipande vya daraja vinavyobeba uzi mmoja mmoja, kidogokidogo. Vikiwa vimefika juu mpaka mwisho na bado linagonga, au vimeshuka mpaka chini na nyuzi bado ziko juu kama kamba za kuanikia nguo, basi shingo imekosewa pembe. Kwa shingo ya skrubu fundi anaweza kuweka kipande chembamba cha mbao ndani ya mfuko. Kwa shingo iliyogundishwa ni kazi nzito, na ni yake.

Zimebaki freti za juu. Wapiga solo wa dansi na rumba hukaa huko, kuanzia ya 12 hadi ya 17, na huko ndiko gitaa la mkono linakofichua siri zake. Pale shingo inapoingia mwilini nondo haina nguvu tena, na mbao ikivimba kidogo freti za mwisho huinuka kama ngazi. Dalili yake: chini kote kusafi, ukipanda kwenye sebene noti zinazimika, hasa ukiukunja uzi. Kugeuza nondo hakusaidii, na mtu akikwambia ukaze zaidi, mshukuru na usimsikilize.

Noti moja tu ikigonga wakati jirani zake ziko safi, kuna freti moja imeinuka. Tafuta kitu kifupi kilichonyooka, mgongo wa wembe wa kazi au kipande cha rula, kinachogusa freti tatu kwa wakati mmoja. Kikicheza kama pembea, ya katikati iko juu. Bonyeza freti hiyo kwa kipande cha mbao: ikizama na kurudi, haijashikwa vizuri ndani ya mfereji wake na fundi ataigundisha. Isipozama, inahitaji kusuguliwa. Usisugue freti moja peke yake. Ukiishusha hiyo, jirani anakuwa mrefu, na utafukuzana nazo mpaka ya 22. Kusawazisha freti ni kazi ya mtu mwenye jiwe refu lililonyooka na anayejua kurudisha mviringo wa juu.

Kodi za chini ziko sawa, juu zinaachana

Nyuzi zikishapita miezi kadhaa ya jasho hupoteza uwiano wa noti, kwa hiyo badilisha kabla ya kupima. Halafu gusa uzi juu ya chuma cha freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, linganisha kwenye tyuna na noti iliyobanwa freti ya 12. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kwa kila uzi, na utyuni kila unaposogeza.

Kama kodi ya F ya freti ya 1 inapiga kali lakini ya 12 iko sawa, tatizo si daraja. Nyuzi ziko juu mno kizingitini, unazivuta kila unapobana.

Kitandiko kimefika mwisho na bado noti iko juu? Sasa chukua rula. Pima kutoka kizingitini hadi katikati ya freti ya 12, kisha kutoka freti hiyo hadi kitandiko cha uzi mwembamba. Vipimo viwe karibu sawa, cha pili kizidi milimita moja au mbili. Kwenye uzi mnene kitazidi 4 au 5. Kama daraja lenyewe haliruhusu umbali huo, liligongwa karibu mno. Hilo ni kosa la fundi bila ubishi, na tiba yake ni kuziba matundu na kutoboa upya.

Freti nazo zinaweza kukosewa, ingawa ni nadra kwa mtu anayetumia kiolezo. Kwa uzi wa milimita 648, kutoka kizingitini freti ya 1 iko milimita 36.4, ya 5 iko 162.5, ya 7 iko 215.5, na ya 12 iko 324. Kwa urefu mwingine, gawa urefu wote kwa 17.817 upate freti ya 1, kisha gawa unaobaki kwa namba hiyohiyo, endelea. Freti moja ikiwa nje kwa milimita nzima, sikio lako halikudanganyi.

Ncha za freti zinakata kiganja

Hii ni hewa. Gitaa lililotengenezwa kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa likihamia Dodoma, mbao inakauka na kusinyaa upana. Chuma hakisinyai, kinatokeza ubavuni. Uso wa shingo, ubao unaoshika freti, ukiwa wa mpingo husogea kidogo, wa mbao laini zaidi. Subiri wiki chache litulie, kisha tupa ndogo ya meno laini, ukiwa umefunika mbao kwa utepe wa karatasi, ipite kwenye ncha tu. Vaa barakoa kama uso ni mpingo, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Ukiona freti zimeinuka pamoja na ncha, au uso wa shingo umeachana na shingo kiasi cha karatasi kuingia kwenye gundi, legeza nyuzi na usiguse.

Sauti nyembamba, au linapiga filimbi

Kila pikapu peke yake ni nzima, zikiwa pamoja sauti inakuwa kama redio ndani ya debe: zinapingana mwelekeo. Nyaya mbili za pikapu moja zibadilishwe. Angalia tu kwamba kifuniko cha chuma cha pikapu hakikuunganishwa na waya unaotaka kuuhamisha, la sivyo kitageuka antena.

Filimbi kali inayokuja ukiongeza sauti, hata ukishika nyuzi zote, na ukigonga pikapu kwa kucha inasikika kama maikrofoni: koili haikuzamishwa kwenye nta, au nta haikupenya. Usijaribu kuyeyusha mishumaa jikoni. Nta ikizidi moto inawaka, na plastiki ya pikapu hupinda kabla yake. Mrudishie aliyezungusha.

Ufa

Mstari mwembamba kwenye rangi pale shingo inapokutana na mwili mara nyingi ni rangi tu. Pitisha ukucha, halafu legeza nyuzi na uangalie kwa tochi: ukibaki vilevile, ni rangi. Ufa ukijifunga nyuzi zikilegea na kufunguka zikikazwa, ni mbao, na kila saa nyuzi zinapobaki zimekaza ufa unasafiri. Ufa wa shingo nyuma ya kizingiti ndio mbaya kuliko wote. Usitie supaglu, inaingia kwenye vinyweleo vya mbao na kumzuia fundi kuweka gundi ya mbao itakayoshika.

Ukimwandikia fundi, mwandikie vipimo. Mtu mmoja alimtumia wake ujumbe huu, na ndio ninaowaonyesha wengine:

"Shikamoo fundi. Ni mimi wa gitaa la mkangazi, daraja jeusi. Nyuzi 10 hadi 46, saizi ileile uliyoweka. Mnyumbuliko wa shingo karatasi tatu freti ya 7. Kimo freti ya 12 ni milimita 2 uzi mnene, 1.5 mwembamba. Uzi wa kwanza unazimika nikiukunja freti ya 14 na ya 15, kwingine hakuna shida. Rula inacheza juu ya freti ya 16. Sijasugua chochote. Video hii hapa."

Jibu lilikuja usiku uleule: "Marahaba. Usiguse, hiyo ni yangu. Lete." Kama nawe utalituma kwa basi, legeza nyuzi hatua mbili, jaza nguo chini ya kichwa ndani ya boksi ili shingo isining'inie, na liombee nafasi ndani pamoja na abiria. Buti la basi la mchana ni tanuri, na gundi inalijua joto hilo.